Kunoa Vifaa vya Mkono na Kujiandaa Kutengeneza Gitaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nataka kutengeneza gitaa. Mbona naambiwa nianze na kunoa?

Kwa sababu gitaa ni mbao nyembamba zilizoshikana kwa gundi. Ubao wa mbele una unene wa takriban milimita 3, na nyuzi za chuma zikishakazwa huuvuta kwa nguvu inayofikia kilo 70 au zaidi. Kinachouzuia usibonyee wala kupasuka ni viungo vya gundi, na kiungo cha gundi hushika pale tu nyuso mbili zinapogusana sawasawa. Uso uliopitiwa na patasi butu umejaa nyuzinyuzi zilizovunjika na kulala ovyo. Gundi hushika nyuzinyuzi hizo zilizolegea, haiishiki mbao yenyewe.

Sababu ya pili wengi hawaitarajii. Watu hudhani mbao ngumu ndiyo inayodai makali zaidi, kumbe ni kinyume chake. Mbao ngumu husimama imara mbele ya kisu, kwa hiyo hata makali ya wastani huikata kwa kiasi. Mbao laini kama sprusi na mwerezi, ambazo ndizo za ubao wa mbele, hubonyea chini ya makali hafifu, kisha zinachanika. Sehemu nyeti kuliko zote kwenye gitaa imetengenezwa kwa mbao isiyovumilia kifaa butu. Anayejua kunoa ameshamaliza sehemu kubwa ya maandalizi. Asiyejua atanunua mbao nzuri na kuziharibu.

Nitajuaje kwamba makali yametosha?

Achana na kunyoa nywele za mkono. Makali yenye mikwaruzo mikubwa nayo hunyoa nywele, ila hayafai kwa kazi hii. Chukua kipande cha mbao laini, sprusi au msonobari, ukibane kwenye jiliwa kichwa kikiwa juu, yaani pale nyuzinyuzi zilipokatwa. Sukuma patasi kwa mikono bila nyundo, ukiondoa tabaka jembamba.

Tazama ulichoacha. Uso ukiwa laini, umekolea rangi kidogo na unang'aa kana kwamba umepakwa nta, patasi iko tayari. Ukiona uso mweupe, wenye vumbivumbi na vishimo mahali nyuzinyuzi zilipong'oka, rudi kwenye jiwe. Mistari myeupe iliyonyooka kuelekea ulikosukuma ina maana makali yana pengo dogo mahali hapo hapo.

Jaribio hili ni kali kuliko mengine yote ninayoyajua, na halina gharama. Lifanye kila unapomaliza kunoa mpaka mkono wako uzoee.

Ni vifaa gani vya kukata ninavyovihitaji kweli?

Vichache kuliko unavyodhani. Patasi mbili au tatu: ya milimita 6, ya 12, na ya 20 au 25. Randa moja ndefu kiasi, ya sentimita 35 au zaidi, kwa viungo na kupunguza unene. Randa ndogo ya mkono mmoja. Kisu cha kuchorea mistari. Msumeno mmoja wenye meno madogo, pamoja na ule mwembamba wa kukatia mifereji ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole ulio juu ya shingo ya gitaa. Bamba la chuma la kukwangulia. Tupa bapa na tupa ya pembetatu.

Mtu mwenye patasi 3 zenye makali ya kweli atamaliza gitaa. Mwenye seti ya patasi 12 kwenye sanduku zuri, zote butu kama zilivyotoka dukani, hatafika mbali. Karibu kila patasi mpya huuzwa ikiwa imesagwa tu, haijanolewa; kiwanda hukuachia kazi hiyo.

Ninunue jiwe la aina gani?

Mawe ya maji hukata haraka na hung'arisha vizuri, ila huliwa katikati na kuwa na bonde, kwa hiyo lazima uyasawazishe mara kwa mara. Mawe ya mafuta hudumu sana, ni taratibu, na yakishatumika na mafuta usiyarudishe kwenye maji. Bamba la almasi halipindi wala halipati bonde, hukata chuma chochote, na ukali wake wa mwanzoni hupungua kidogo baada ya siku za kwanza kisha hutulia. Njia ya nne ni msasa wa maji uliobandikwa juu ya kioo kinene. Huu ni wa bei ndogo kuanzia, lakini unaisha haraka, na kwa muda mrefu utakuwa umetumia zaidi ya bei ya jiwe.

Ningelazimika kuchagua vitu viwili tu ningechukua bamba la almasi la ukwaruzo wa kati na jiwe la maji la namba 6000 (namba ikiwa kubwa, mikwaruzo ya jiwe ni midogo; ndilo ninaloliita jiwe laini). Bamba hurekebisha umbo la makali na pia husawazisha jiwe, jiwe humalizia. Ongeza kipande cha ngozi kilichobandikwa juu ya ubao na kupakwa dawa ya kijani ya kung'arishia, basi. Namba za mawe hazilingani na namba za msasa, kwa hiyo usishangae msasa wa 2000 ukiacha mikwaruzo tofauti na ya jiwe la 2000.

Jiwe nalisawazishaje?

Lichore mistari ya penseli kama wavu, kisha lisugue na maji juu ya bamba la almasi, au juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Mistari yote ikifutika, jiwe limenyooka. Fanya hivyo kabla ya kunoa. Jiwe lenye bonde litaupa mgongo wa patasi umbo la bonde hilo, na hapo utahangaika bila kujua kinachokusumbua.

Nina patasi mpya. Naanzia wapi?

Anza na mgongo wake, yaani upande ule bapa, wala usiharakie upande ulioinama. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana; uso mmoja ukiwa na mikwaruzo, makali nayo yatakuwa na mikwaruzo hata ung'arishe ule mwingine mpaka ujione. Laza mgongo juu ya bamba la almasi na usugue sentimita 3 au 4 za mwisho tu, ukibonyeza kwa vidole karibu na makali. Huna haja ya kusawazisha urefu wote. Endelea mpaka mikwaruzo ya kiwandani iliyo karibu na makali iishe, kisha hamia kwenye jiwe laini mpaka sehemu hiyo ing'ae. Kazi hii hufanywa mara moja katika maisha ya patasi. Ni ya kuchosha, na inaweza kukuchukua saa nzima kwa patasi iliyopinda.

Sasa geuza. Upande ulioinama uwe na pembe ya digrii 25 hivi. Kwa mwanzoni tumia kishikio chenye gurudumu kinachoshika patasi kwenye pembe moja. Wapo wanaokidharau, na mimi sioni sababu. Sugua kwenye bamba la almasi mpaka uhisi ukunjo upande wa mgongo. Ukunjo ni ukingo mwembamba wa chuma unaojipinda kuelekea upande wa pili pale unapokuwa umefika kwenye makali yenyewe. Pitisha ncha ya kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usipitishe kando ya makali, na utausikia unakwama. Lazima uwepo upana wote, kona hadi kona. Sehemu isiyo na ukunjo bado haijanolewa, na kuhamia jiwe laini kabla ya hapo ni kung'arisha ubutu.

Ukiupata, inua pembe kwa digrii 3 hadi 5 na upige mipigo michache tu kwenye jiwe laini. Utaona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ncha. Huo ndio unaokata, na siku zijazo huo ndio utakaokuwa unaunoa tena, hivyo kazi inakuwa ya dakika mbili badala ya ishirini. Kisha laza mgongo juu ya jiwe laini, bapa kabisa, na uuvute mara chache kuondoa ukunjo. Rudia pande zote mbili kwa mkono mwepesi. Malizia kwenye ngozi kwa kuvuta kuelekea nyuma, usisukume mbele, maana utaikata.

Pembe iwe digrii ngapi hasa?

Patasi ya kukatia mbao laini kwa kusukuma: 25, hata 20 kama chuma ni kizuri. Patasi inayopigwa nyundo: 30. Kisu cha randa ya kawaida: 25 hadi 30. Pembe ndogo hukata kwa wepesi na hupoteza makali mapema. Pembe kubwa hudumu. Ukiona makali yanamomonyoka vipande vidogo vidogo, ongeza digrii 2 na ujaribu tena.

Kisu cha randa kinanolewa kama patasi?

Karibu sawa, kuna mawili ya kuzingatia. Kwanza, randa nyingi hubeba kisu kwenye mlalo wa digrii 45, upande ulioinama ukiwa chini, na hapo pembe uliyonolea haibadilishi pembe inayokutana na mbao. Randa zinazolaza kisu kwenye digrii 12 hivi, upande ulioinama ukiwa juu, ni tofauti: ukinoa digrii 25, mbao inakutana na digrii 37. Ndiyo maana randa ndogo za aina hii ni nzuri kwa kichwa cha ubao.

Pili, lile bati linalofunika kisu. Ukilisogeza karibu sana na makali, robo ya milimita hivi, huvunja maranda kabla hayajapata nafasi ya kurarua mbao. Ukingo wake lazima ukae juu ya kisu bila mwanya, la sivyo maranda hujipenyeza katikati na randa inaziba. Unoe ukingo huo nao, mara moja inatosha.

Randa nimeinoa vizuri, bado inararua mbao. Tatizo nini?

Unaenda kinyume na nyuzinyuzi. Geuza ubao. Ikiwa nyuzinyuzi zinapishana, punguza kina cha kisu hadi maranda yawe membamba kiasi cha kuona mwanga, sogeza bati karibu, na upake nta chini ya randa. Ikikataa kabisa, weka randa chini, chukua bamba la kukwangulia.

Hilo bamba la kukwangulia linanolewaje? Langu linatoa vumbi tu.

Likitoa vumbi, halina makali; bamba zuri hutoa maranda membamba kama ya randa. Ni kipande cha chuma cha unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, na kinachokata ni kulabu ndogo sana iliyopindwa kwenye ukingo wake.

Libane kwenye jiliwa, pitisha tupa bapa kwenye ukingo ukiishika mraba kabisa, digrii 90. Kisha sugua ukingo huo kwenye jiwe, ukibana bamba na kipande cha mbao ili lisimame wima, halafu laza nyuso zake mbili na uzisugue nazo. Sasa una kona mbili kali za mraba. Hatua hii ndiyo wanayoiruka wengi. Alama za tupa zikibaki, kulabu itakuwa na meno.

Chukua fimbo ya chuma kigumu kuliko bamba. Ipake tone la mafuta. Kwanza laza bamba mezani na upitishe fimbo juu ya uso wake karibu na ukingo mara kadhaa. Kisha simamisha bamba, pitisha fimbo juu ya ukingo ikiwa mlalo, halafu iinamishe digrii 5 hadi 10 na upitishe mara mbili au tatu kwa nguvu ya wastani. Nguvu nyingi huzaa kulabu kubwa iliyojikunja mno, isiyokamata mbao mpaka ulilaze bamba kupita kiasi. Kulabu ikichoka, unaweza kuilaza na kuipandisha tena kwa fimbo mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye tupa.

Kwenye gitaa bamba hili lina kazi nyingi kuliko randa: kusawazisha pambo la kuzunguka tundu la sauti, kingo, mgongo wa mbao yenye nyuzinyuzi zilizovurugika. Kwenye sprusi litumie kwa tahadhari, kwani mistari laini hubonyea kati ya ile migumu na kuacha mawimbi.

Naweza kutumia grainda niokoe muda?

Kwa kurekebisha kisu kilichovunjika kona, ndiyo. Kwa kunoa, hapana. Chuma cha patasi hupewa ugumu wake kwa moto na kupoozwa, kisha hupashwa tena kwenye joto dogo. Kikipata joto jingi kwenye grainda, rangi hubadilika: kwanza manjano hafifu karibu na digrii 220 za Selsiasi, kisha kahawia, na bluu ikikaribia 300. Kwenye chuma cha kaboni, ukiona bluu ugumu wa sehemu hiyo umekwenda, na maji hayataurudisha. Dawa ni kusaga polepole mpaka uipite bluu yote. Gusa jiwe kidogo kidogo, chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache, na shika patasi bila glovu ili vidole vikuonye mapema.

Ninoe mara ngapi?

Kabla hujahitaji. Ukishaanza kusukuma kwa bega, umechelewa. Weka ngozi na jiwe laini mezani muda wote wa kazi, upige mipigo michache kila unapobadilisha sehemu. Mpingo na mbao nyingine nzito hula makali haraka mno, kwa hiyo ukimaliza ubao wa vidole usirudi kwenye sprusi na kisu kilekile bila kukipitisha jiweni.

Na misumeno?

Ile yenye meno yaliyogumishwa kwa umeme hainoleki. Ikichoka badilisha bapa. Misumeno ya kawaida hunolewa kwa tupa ya pembetatu, jino kwa jino, na kwa gitaa la kwanza hutahitaji kufanya hivyo kama msumeno ni mpya.

Sasa mbao. Nichague ipi?

Ubao wa mbele: sprusi au mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini. Tafuta mbao iliyopasuliwa ili mistari ya ukuaji isimame wima ukitazama kwenye kichwa cha ubao. Mbao ya hivyo hubadilika upana kidogo na ina ukakamavu mkubwa. Angalia pia kama nyuzinyuzi zinakwenda sambamba na uso wa ubao au zinauchomoza. Njia ya uhakika ni kupasua kipande cha pembeni na kuona mpasuko unakoelekea.

Mgongo na mbavu, yaani mbao zilizokunjwa za pembeni mwa gitaa, zina uhuru mkubwa zaidi. Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyeweka msingi wa gitaa la klasiki la leo, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa, uso ukiwa wa mbao, kuonyesha kwamba sauti inategemea zaidi ubao wa mbele. Kwa gitaa la kwanza chukua mbao inayokunjika kwa urahisi, kama mahogani, na uache mbao ngumu zenye mafuta kwa baadaye.

Kuna mbao zenye masharti ya kisheria?

Ndiyo. Jenasi nzima ya Dalbergia, kundi la miti jamaa ambalo mpingo ni mmoja wao, iliingizwa kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti hayo, lakini mbao ghafi zinazovuka mpaka bado zinahitaji vibali. Dalbergia nigra ya Brazili iko Kiambatisho I, chenye masharti makali zaidi, tangu 1992, na msamaha huo hauihusu. Ukinunua kutoka nchi nyingine, omba karatasi kabla ya kulipa.

Unyevu una umuhimu gani? Mbao zangu zimekaa miaka mingi, si zimekauka?

Umri haujibu swali hili. Mbao hunywa na kutoa unyevu kila siku kufuata hewa iliyopo, hata iwe na miaka mia. Haibadiliki urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini upana wake hubadilika. Ubao wa mbele wenye upana wa sentimita 40 unaweza kuongezeka au kupungua kwa zaidi ya milimita 2 kati ya hewa kavu na hewa yenye unyevu mwingi. Sasa fikiria umeugundisha kwenye mataruma, vile vijiti vya ndani vinavyopita kukatiza nyuzinyuzi zake. Vijiti havifupiki, ubao unataka kupungua. Unapasuka.

Ndiyo sababu mafundi hugundisha mataruma hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Gitaa lililojengwa kwenye hewa hiyo likipelekwa penye unyevu huvimba kidogo kisha hurudi. Lililojengwa kwenye unyevu wa asilimia 75 likipelekwa penye ukavu hupasuka. Kama mahali unapoishi pana unyevu, tenga chumba kidogo au hata kabati lenye taa au mashine ya kukausha hewa, hifadhi mbao humo, na ugundishe siku hewa ikikubali.

Nunua kipimaunyevu na ukihakiki. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe tope, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, unajua unaongeza 6.

Kujua kama mbao zimetulia, zipime kwa mizani kila baada ya siku chache na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukiacha kubadilika, zimetulia.

Unene wa kila kipande uwe kiasi gani?

Kwa gitaa la nyuzi za chuma: ubao wa mbele milimita 2.7 hadi 3, mgongo 2.5 hivi, mbavu 2. Kwa nyuzi za nailoni, mbele iwe karibu 2.3. Mwerezi uache mnene kidogo kuliko sprusi. Hizi ni namba za kuanzia. Ukakamavu hufuata mchemraba wa unene, maana yake ukipunguza unene kwa asilimia 10 umepoteza asilimia 27 ya ukakamavu. Kwa hiyo karibu na mwisho, kila pitio la randa lihesabu.

Nawezaje kuunganisha nusu mbili za ubao wa mbele bila mashine?

Hiki ndicho kiungo cha kwanza cha gitaa, na mtihani wa kunoa kwako kote. Fungua nusu zako mbili kama kurasa za kitabu, kisha zifunge tena ili kingo za kuunganishwa zikae pamoja. Zibane juu ya ubao bapa, kingo zikijitokeza kidogo, laza randa ndefu ubavu wake na uipitishe ikiranda kingo zote mbili kwa wakati mmoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba randa ikiwa haiko digrii 90 kamili, kosa la upande mmoja linafutwa na la upande wa pili pale utakapozifungua.

Kisha zisimamishe moja juu ya nyingine mbele ya dirisha au taa. Mwanga usipenye popote. Ukipenya kwenye ncha, randa yako imekandamizwa vibaya mwanzoni au mwishoni mwa pitio. Ukipenya katikati, huenda randa yenyewe imepinda. Usijaribu kuziba mwanya kwa klampu. Kiungo kinachohitaji nguvu kufunga kitafunguka siku moja, hewa ikikauka.

Pitio la mwisho lifanyike dakika chache kabla ya gundi. Uso uliokatwa sasa hivi hushika vizuri kuliko uliolala mezani wiki nzima, hasa kwa mbao zenye mafuta. Na usiupitishie msasa baada ya randa, unaviringisha kingo.

Gundi gani?

Gundi ya manjano ya maseremala inafaa kwa karibu kila kitu. Ile nyeupe laini ya kawaida huachia polepole chini ya mvuto wa kudumu, na gitaa liko chini ya mvuto muda wote. Gundi ya ngozi ya wanyama, inayoyeyushwa kwenye maji ya moto ya digrii 60 hivi, hukauka ngumu na hufunguka kwa joto na maji fundi akitaka kutengeneza baadaye, lakini hukuachia dakika moja tu kabla haijaganda. Fanya mazoezi ya kukaza klampu bila gundi kwanza.

Mataruma yanahitaji maandalizi gani?

Mbao yake ipasuliwe kwa shoka au patasi, si kwa msumeno, ili nyuzinyuzi zikimbie ncha hadi ncha bila kukatika. Kisha irandwe mraba. Gitaa la nyuzi za chuma kwa kawaida hutumia mpangilio wa herufi X, ambao kampuni ya C. F. Martin ya Marekani ilikuwa ikiutumia tangu miaka ya 1840. La klasiki hutumia mpangilio wa upepeo, vijiti vikitawanyika kama vya kipepeo cha mkononi, aliouimarisha Torres. Huchongwa baada ya kugundishwa, patasi ikipita milimita chache juu ya ubao mwembamba uliokwisha kumalizika. Hapo patasi butu inayohitaji kusukumwa kwa nguvu itateleza na kuzama kwenye uso. Patasi yenye makali unaishika kwa vidole.

Nahitaji kalibu na klampu nyingi?

Kalibu ya nje ya kushikilia umbo la mbavu, ndiyo, ya mbao za tabaka. Klampu za kazi nyingi zinaweza kubadilishwa na fito nyembamba zinazokunjwa kati ya meza na ubao imara ulio juu yake. Kila ufito husukuma chini mahali pamoja, na unaweza kuweka ishirini kwa dakika chache.

Mbavu zinakunjwaje?

Kwa bomba la chuma lililopashwa moto. Maji yakidondoka juu yake yakarukaruka badala ya kutulia na kuchemka, joto limefika. Lowesha mbao kidogo, ibonyeze taratibu, na usubiri uisikie ikilegea mikononi. Mbao iliyorandwa unene uleule kote hukunjika vizuri. Yenye sehemu nyembamba huvunjika pale pale.

Nitahesabuje mahali pa freti?

Chagua urefu wa uzi, tuseme milimita 650. Gawanya kwa 17.817: unapata 36.48, hiyo ni freti ya kwanza kutoka kichwani mwa ubao wa vidole. Kilichobaki, 613.52, kigawanye tena kwa 17.817: 34.43, na freti ya pili inakaa milimita 70.91 kutoka mwanzo. Endelea hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili, 325. Isipofika hapo, umekosea njiani. Kila kipimo kipime kutoka mwanzo wa uzi, siyo kutoka freti iliyotangulia, ili makosa madogo yasijilimbikize. Chora mistari kwa kisu chenye makali, kamwe si kwa penseli: msumeno hukaa kwenye mkato wa kisu wenyewe.

Vumbi la mbao lina madhara?

La mpingo na jamaa zake huwasha ngozi na mapafu ya baadhi ya watu, na mwili ukishalikataa huwa haurudi nyuma. Vaa barakoa unaposaga au kupiga msasa. Randa na bamba lililonolewa vizuri hutoa maranda, ambayo hayaelei hewani.

Msasa si ungefanya kazi yote hii?

Ungeifanya kwa siku nyingi zaidi, na ungeviringisha kila ukingo uliotakiwa kuwa mkali. Uweke kwa hatua ya kabla ya rangi tu, namba 180 kisha 240, ukiuzungushia kipande bapa cha mbao badala ya kuushika kwa vidole.